Mwache Mpiga Gitaa Amalize

Mwanangu, vuta kiti ukae. Chai ipo, na michembe ya karanga imeshaiva. Sikukuita nikugombeze.

Jumapili jioni nilikusikia hewani. Sauti unayo, tena imetulia kuliko yangu nilipokuwa na umri wako. Uliweka wimbo wa Tabora Jazz. Nikaongeza redio, mama yako akaacha kuchambua mchele. Waimbaji wakaimba kisa chao mpaka mwisho, wakanyamaza. Gitaa la solo likaanza kupanda, na hapo hapo ukaingia na tangazo la mabati.

Mama yako akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia redio.

Najua kilichokusukuma. Kipindi ni saa moja tu, matangazo yamelipiwa, simu zinaita, salamu zimejaa kwenye kioo cha kompyuta. Ukasikia waimbaji wamenyamaza, ukadhani wimbo umekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maneno. Inakwenda taratibu ili mtu asikie nani kamkosea nani, nani kaondoka na treni bila kuaga. Kisha maneno yanapungua. Ngoma inaongeza mwendo, magitaa yanajibizana, tumba zinachangamka, saksafoni inaingia. Sehemu hiyo tuliiita chemko. Ukumbini, wakati wa maneno watu walikaa na chupa zao wakatikisa vichwa. Chemko likianza, viti vyote vitupu. Ukikata wimbo pale, umewaalika watu pilau ukawapa maji ya kunawa, kisha ukawaambia kwaherini.

Nina haki ya kukuambia haya kwa sababu mimi nilifanya baya zaidi, na nililifanya kwa miaka.

Wewe umekuta nyimbo ziko kwenye flashi na kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushei, na wimbo wa dansi haukuenea hapo. Basi waliugawa. Upande huu sehemu ya kwanza, upande ule sehemu ya pili, yaani chemko. Dijei ilimpasa anyanyue sindano, aigeuze santuri, aiweke sindano tena. Katika muda huo ukumbi unakaa kimya. Vijana wa nyuma wanapiga miluzi.

Mimi niliogopa ile miluzi. Kwa hiyo nilipokuwa napiga disko miaka ya 1980, nilizoea kupiga upande wa kwanza tu, halafu naingiza santuri nyingine iliyokuwa inasubiri kwenye sahani ya pili. Watu walinisifu. Walisema muziki wangu haukatiki. Siku moja, mvi zimeshaanza, nikakaa kuzipangusa santuri zangu zote. Upande wa kwanza ulikuwa umekwanguka, mweupe kwa mikwaruzo. Upande wa pili unang'aa. Mpya kabisa, tangu dukani. Nikaanza kuzigeuza moja moja. Mwanangu, ndipo nilipojua kwamba nusu ya muziki niliojidai kuupenda sikuwa nimewahi kuusikia.

Tena fikiria walivyozirekodi. Bendi ya huku Tabora ilipanda treni mpaka Dar es Salaam, usiku kucha na zaidi, magitaa yamefungwa kwenye mashuka. Ikiingia studio ya Radio Tanzania, wote walipiga kwa pamoja, mwimbaji na mpiga tumba na mpiga besi, tepu inazunguka. Mmoja akikosea kwenye dakika ya tano, wote wanaanza upya. Kwa hiyo kila chemko unaloliona refu, pengine lilipigwa mara kadhaa kabla ya hilo unalolikata. Na malipo yenyewe yalikuwa madogo. Wengi walichopata ni kusikika nchi nzima, maana kwa upande wa bara redio ilikuwa hiyo moja. Ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na ilibaki peke yake hadi redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990.

Santuri zenyewe zilitengenezewa Nairobi. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukakaa hivyo hadi 1983, bendi nyingi zikabaki na redio tu. Ndiyo maana ziko nyimbo ambazo hutazikuta kwenye santuri hata utafute vipi. Ziko kwenye tepu za Radio Tanzania, ambazo sasa ni mali ya TBC, au hazipo popote.

Juzi uliniuliza mji huu mkavu, usio na bahari wala ziwa, uliwezaje kuwa na bendi kubwa tatu. Sikukujibu vizuri kwa sababu ulikuwa umeshasimama kuondoka. Kaa nikujibu.

Huu ni mji wa njiani. Kabla ya reli kulikuwa na misafara. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, wakati huo wakipaita Kazeh, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wameshajenga na wanaishi. Njia ilitoka Bagamoyo, ikafika hapa, ikagawanyika: wa Ujiji wakaendelea magharibi, wengine wakashika njia ya kaskazini. Mizigo ilibebwa na babu zetu Wanyamwezi. Pembe za ndovu zikateremka pwani, vitambaa, shanga na nyaya zikapanda bara. Na walitembea wakiimba. Kirangozi yuko mbele, ndiye anayeanzisha, na walioko nyuma wanaitikia na mzigo begani. Wazungu waliosafiri nao waliandika sana juu ya kuimba huko, wengine kwa kusifu na wengine kwa kulalamika kwamba hawapati usingizi. Basi mtu wa huku Unyanyembe alijua tangu zamani kwamba wimbo ni sehemu ya safari. Aliyefika pwani alirudi na kitambaa, na nyimbo za huko pia.

Kisha Wajerumani wakaleta reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza mwaka 1928. Angalia ramani uone tulipokaa. Treni ya Dar inaleta mambo ya pwani. Treni ya Kigoma inaleta waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Ya Mwanza inaleta wa Ziwa Victoria. Na wote wanashuka hapa kubadilisha treni, wengine wanakaa saa nyingi kusubiri. Mtu aliyekaa stesheni kutwa ana njaa, ana kiu, na anataka muziki.

Babu yako alifanya kazi reli. Alikuwa ananituma stesheni na chakula chake, na mimi nachelewa kurudi. Nilikuwa nasikiliza. Huku mtu na redio yake, kule Mkongo na gitaa lisilo na uzi mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Rumba hii tunayosema ni ya Kongo, yenyewe ilikuja kutoka Kuba, na ilikuja kwa santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa na gramafoni, ilileta Afrika mfululizo wa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa nyimbo za Kuba. Hakuna aliyeelewa Kihispania. Watu walizipenda hivyo hivyo, wakazijua kwa namba zake. Morogoro, Salum Abdallah akaipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Hapa kwetu miaka ya 1950 wakatokea Kiko Kids, na Salum Zahoro na mandolini yake.

Kwangu mimi Kiko Kids ndio kilele. Mama yako anabisha, yeye ni wa Nyanyembe Jazz na hatabadilika. Lakini tafuta wimbo wao wa Tanganyika na Uhuru, usikilize ukiwa umekaa, siyo huku unajibu ujumbe. Utasikia Kuba, utasikia pwani, na utasikia kijana wa Tabora anayeona nchi yake inajitawala. Miaka mingi baadaye mzee Zahoro alikuwa bado anapiga, katika Shikamoo Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1993 ikawakusanya wanamuziki wazee. Mtu mmoja, kutoka santuri za zamani mpaka siku ambazo wewe ulikuwa unakaribia kuzaliwa.

Tabora Jazz wao walikuja na mtindo wao wa Segere Matata. Kijana wa Kigoma, Shem Karenga, akaupa mji huu wimbo wa Dada Asha, na hata leo ukiupiga kwenye harusi wazee wanaacha fimbo zao ukutani. Alifariki Desemba 2014. Na walioondoka pia ni wetu. Iddi Nhende wa Nzega ndiye aliyeanzisha Western Jazz huko Dar es Salaam mwaka 1959, na jina lenyewe ni la jimbo letu la zamani, Jimbo la Magharibi. Mtindo wao ukaitwa Saboso. Kwa hiyo mtu akikuambia Tabora ni tumbaku, asali na maembe tu, mpigie Saboso.

Sasa nikuambie kosa ambalo bado linaniuma.

Mjomba wangu alikuwa na redio kaseti, na hapa mtaani Isevya aliyekuwa nayo alikuwa mtu. Usiku mmoja aliingia nayo ukumbini, akaiweka mezani chini ya kofia, akarekodi bendi ya mji huu ikipiga mbele ya watu. Haikuwa rekodi safi. Chupa zinagongana, mtu anacheka karibu na maikrofoni. Lakini kulikuwa na mwimbaji kijana pale, sauti nyembamba inayotetemeka kidogo mwishoni. Hakuwahi kufika studio. Alifariki mapema. Kwa ninavyojua, sauti yake ilikuwa kwenye kaseti ile tu.

Mjomba alivunja vile vipande viwili vidogo vya juu ya kaseti, vikabaki vitundu, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Akaniazima. Nikaipiga mara kadhaa, nikaipenda. Halafu ikaja mechi ya Simba na Yanga, na mimi sina kaseti tupu, na duka limefungwa. Nikachukua kipande cha karatasi, nikakitafuna, nikaziba vile vitundu. Nikarekodi mpira.

Sikumbuki hata nani alishinda.

Mjomba alipokuja kuiuliza nilimwambia imeliwa na redio. Aliguna tu. Nadhani alijua. Alikuwa amevivunja vile vipande makusudi, na mtu mzima hawezi kuamini kirahisi kwamba kaseti iliyolindwa namna ile imejiharibia yenyewe. Hakuniazima kitu tena mpaka anazikwa.

Kwa hiyo ukiona nakusumbua, kila mara nakuuliza kama umefanya nakala, nakala iko wapi, nani mwingine anayo, univumilie. Mtu akikuletea kaseti pale redioni, usiianze kwa kuipiga. Ianze kwa kuiandika. Nani kaileta, ilirekodiwa wapi, mwaka gani kama anaujua, nani wanapiga. Kisha inakili. Kisha mrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo kama unaweza, maana kesho kutwa utakuwa umeisahau kwenye droo. Zile tepu za Radio Tanzania zimekuwa na watu wanaohangaika kuzihamishia kwenye dijitali, na Mungu awape nguvu, lakini hakuna atakayetoka Dar es Salaam kuja kufungua masanduku ya mitaa yetu ya Ng'ambo na Cheyo. Hiyo ni kazi yako. Inataka kukaa na wazee, kunywa chai ambayo hukuitaka, kusikia habari za goti linalouma, ndipo sanduku lifunguliwe.

Usidhani nilisikiliza za nyumbani tu. Nilikuwa mgonjwa wa nyimbo za Wazungu na za Wamarekani weusi, na bado ni mgonjwa. Jim Reeves alikuwa ndugu katika nyumba nyingi za mji huu. Siku ya Jumapili, waliotoka kanisani na ambao hawakwenda kabisa, wote walimsikiliza. Alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, ila santuri zake mpya ziliendelea kutoka, na mimi niliendelea kumwiga sauti bila kujua kwamba naigiza marehemu. Baadaye ikaja soul. Otis Redding, James Brown. Hapo ndipo tulipogombana na wakubwa.

Mwaka 1969 ulikuwa wa Operesheni Vijana. Sketi fupi, suruali za kubana, mawigi, vyote vikapigwa vita. Mwisho wa mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Huku tulisikia habari hizo, tukafunga madirisha, tukaendelea kwa sauti ndogo. Nilikuwa na hasira. Nilikasirika hata na Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 alisema wengi wetu tumecheza chachacha, twisti na rokenroli, lakini ni wangapi wamecheza gombe sugu, au hata kuisikia? Nikajiuliza, kwani mguu unauliza pasipoti?

Leo nadhani alikuwa na haki nusu. Haki yake ni kwamba redio ilipoambiwa iwape nafasi watu wa nyumbani, bendi zetu zilirekodiwa kwa wingi, na bila hivyo usingekuwa na Tabora Jazz ya kuikata Jumapili. Kosa ni kudhani kwamba kilichotoka ng'ambo hakiwezi kuwa chetu. Rumba ilikuwa imeshakaa hapa, imeoa, imezaa. Na nyingine tulizodhani za kigeni zilikuwa na mizizi jirani.

Hapo nina aibu nyingine ya kukupa. Nilipoanza utangazaji redioni nilipenda kupiga Queen usiku, na kila mara nilimtambulisha mwimbaji wao kwa madaha: Mwingereza huyu, Mwingereza yule. Bibi mmoja wa Gongoni akapiga simu kipindi kilipokwisha. Hakutaka kusikika hewani. Akaniambia, baba, huyo unayemwita Mwingereza ni mtoto wa Unguja. Na kweli. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi, wakahamia Uingereza mwaka 1964. Bibi akaendelea: ule wimbo wao mrefu wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, umewahi kuusikiliza maneno? Nikasema naam. Akasema hapana, hujausikiliza, ungeusikiliza ungekutana na neno moja ambalo mtoto wa chuoni anaanza nalo kabla hajagusa chakula.

Nikarudi nikausikiliza. Lipo. Nilikuwa nimelipitia mara chungu nzima.

Basi kwenye kipindi chako usiogope kumweka Jim Reeves karibu na Kiko Kids. Wasikilizaji wetu waliwasikia hivyo, kwenye redio moja, kwa mawe yale yale ya betri yaliyoanikwa juani ili yapate nguvu kidogo. Lakini ukiwaweka, wajue. Na usiwatumie wazee hao kuwapiga vijana. Mimi nilikuwa kila wiki nasema hewani kwamba Bongo Fleva ni kelele. Nilijiona nalinda hadhi. Nilichofanya ni kuwafukuza watoto waliokuwa wanasikiliza jikoni na mama zao, ambao ndio wangekuja kunirithi. Babu yako naye aliita gitaa uhuni, akafa hajabadilika.

Jambo la mwisho, nalo ni zito zaidi ya kukata chemko.

Redio ina kimya, na kimya kinamtisha mtangazaji. Akikosa cha kusema, anabuni. Nilikuwa na wimbo mmoja wa zamani niliopenda, na kila nikiupiga nilitaja jina la mpiga solo. Nililitoa wapi? Sikumbuki. Pengine mtu alinitajia kilabuni. Nililitaja kwa uhakika, miaka, mpaka likawa kweli.

Siku moja mlinzi wa kituo akaniita kuna mzee nje. Nikatoka. Mzee kavaa koti, kashika baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akasema kwa upole kabisa: huyo unayemtaja hakuwa hata bendini mwaka ule. Gitaa lile nilipiga mimi. Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia. Akasema hakuja kwa ajili yake. Ana mjukuu. Alimwambia mjukuu kwamba yule ni yeye, na mjukuu akaenda kuwaambia wenzake shuleni, wakamcheka. Walimwambia babu yako mwongo, redio imesema ni mwingine.

Mwanangu, nilikuwa nimemfanya mtu mwongo mbele ya mjukuu wake kwa sababu sikutaka kusema sina hakika.

Jumapili iliyofuata nilisahihisha mwanzo wa kipindi, katikati na mwisho, nikaupiga wimbo wote, nikamwacha amalize. Kama mjukuu alisikia sijui. Mzee hakurudi kuniambia, na mimi niliona haya kwenda kuuliza.

Usipojua, sema hujui, kisha omba anayejua apige simu. Utashangaa ni nani watakaopiga. Wako Urambo, wako Sikonge, wako Kaliua, wengine wana redio moja na simu ya kuazima. Andika wanachosema, na ukiandika weka na jina la aliyesema, maana nao hugombana. Wawili watakuambia tumba ilipigwa na watu wawili tofauti. Waweke wote kwenye daftari. Usiharakishe kumchagua mmoja.

Sanduku hilo hapo mlangoni ni lako. Nimelipanga jana. Santuri zisimamishe wima, usizilaze, na usiziweke karibu na ukuta wa jua wala chini ya bati. Joto la Oktoba hapa Tabora linazipinda mpaka sindano inaruka. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, ukifuata mzunguko. Zile tatu nilizofunga kwa uzi si zangu. Niliziazima, na majina ya wenyewe nimeyaandika kwenye ganda. Anza na hizo. Mmoja wao yuko Ipuli, nyuma ya msikiti, anaamka saa kumi na moja na hapendi wageni wa mchana. Nenda asubuhi, nenda na sukari, na akitaka kukupigia pande zote mbili kabla ya kuipokea, zima simu yako.